Tarehe ya Upasuaji Yajulikana, Mto Tana Hautabiriki

Mimba ya kawaida haina miadi. Uchungu huja usiku wa manane, huja siku ya soko, huja mwalimu akiwa amesimama ubaoni na chaki mkononi, na walio karibu hulazimika kukimbia huku na huku wakitafuta gari na leso. Ndiyo sababu jamii zetu, tangu jadi, zilizoea kungoja tu na kumwachia Mungu yaliyosalia. Hata hivyo, ipo namna moja ya kujifungua ambayo huja na tarehe yake. Daktari hutazama kalenda, huandika siku katika kijitabu cha mama na mtoto, na kumwambia mja mzito afike siku hiyo akiwa hajatia kitu kinywani. Huo ndio upasuaji wa kupanga. Jambo linalonistaajabisha mimi, baada ya miaka mingi ya kufundisha huku Madogo, ni kwamba hata wale waliopewa tarehe mwezi mzima mapema huingia katika siku hiyo kana kwamba wamevamiwa.

Msomaji asiyepajua Madogo na afahamu kwanza mahali tulipo. Sisi tumo katika Kaunti ya Tana River, upande wa magharibi wa mto, na mji wa Garissa uko ng'ambo, kilomita chache tu kwa barabara inayopita darajani. Makao makuu ya kaunti yetu yako Hola, safari ya zaidi ya kilomita mia moja kufuata mto kwenda kusini. Kwa hivyo, ingawa kwa karatasi sisi ni watu wa Hola, kwa ugonjwa na uzazi sisi ni watu wa Garissa. Mmunyoyaya anayevua samaki, Muorma na Msomali wafugaji, Mpokomo mkulima na mwalimu aliyeletwa na tume kutoka mbali, sote tukihitaji chumba cha upasuaji hutazama darajani.

Na hapo ndipo penye kitendawili. Mvua ikinyesha huko milimani, katika miteremko ya Mlima Kenya na Aberdare, mabwawa ya Masinga na yale yaliyo chini yake hufurika, na baada ya siku kadhaa maji hutufikia sisi ambao pengine hatujaona wingu. Mwaka wa 1997 na 1998, wakati wa El Nino, wazee wetu waliona mawasiliano na Garissa yakikatika. Novemba 2023 maji yaliikata tena barabara pale Kona Punda, watu wakawa wanavushwa kwa boti. Aprili 2024 mafuriko yalirudi, na mwishoni mwa mwezi huo boti iliyokuwa imebeba abiria kupita kiasi ilipinduka papo hapo na watu wakafa maji. Mwenye akili hawezi kuzungumza juu ya matayarisho ya kujifungua Madogo bila ya kuanza na mto. Kwingineko mama hujiandaa kwa kufua nguo za mtoto. Huku kwetu hatua ya kwanza ni kuuliza maji yamefika wapi.

Mdogo wangu alikuwa na tarehe ya Jumatano, 29 Novemba 2023. Ilikuwa mimba yake ya tatu, na watoto wawili wa kwanza walizaliwa kwa upasuaji, kwa hivyo daktari hakutaka uchungu uanze. Wiki mbili kabla, barabara ilipoanza kumezwa, tulikaa kikao cha familia. Mama mkwe wake alisema wangoje, kwani maji hupungua. Mimi nilisema maji hupungua kwa ratiba yake na mtoto huja kwa ratiba yake. Shangazi yetu ana nyumba Garissa mjini. Tukaamua mdogo wangu avuke mapema, alale huko, watoto wake wakubwa wabaki nami. Alivuka asubuhi moja, maji yakiwa yametulia, akiwa na mkoba mmoja na kijitabu chake kifuani. Siku ya upasuaji alitembea kwa miguu hadi hospitalini. Alijifungua binti. Mumewe, aliyekuwa na mifugo huko malishoni ambako simu hushika ukipanda kichuguu, alipata habari siku ya tatu.

Uamuzi ule haukuhitaji fedha nyingi wala elimu ya juu. Ulihitaji tu watu kukubali kwamba tarehe iliyoandikwa ina maana. Sasa niulize: kwa nini wengi wetu hatukubali?

Sababu ya kwanza, nionavyo, ni aibu. Mtaani kwetu mwanamke aliyejifungua kwa kisu huonekana kama mtu aliyepita mlango wa nyuma. Huambiwa hakusukuma, hakuvumilia, ni mlegevu. Wapo waliokimbia hospitalini usiku baada ya kusikia neno operesheni. Wahenga walinena kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nasi tumeifinyanga kauli hiyo hata ikawa kwamba asiyeupata uchungu wa kawaida si mzazi kamili. Anayesema hivyo hajamtazama mama huyo siku ya pili akijaribu kushuka kitandani.

Aidha, wapo wanaodai kuwa jambo hili ni la kigeni, limeletwa na Wazungu. Hao nawapa somo la historia. Mwaka wa 1879 tabibu Mwingereza, Robert Felkin, alishuhudia mahali paitwapo Kahura, katika nchi ya Bunyoro iliyo sasa Uganda, mganga Mwafrika akimpasua mama na kumtoa mtoto. Mama alileweshwa kiasi kwa pombe ya ndizi ili maumivu yapungue, na pombe hiyo hiyo ikatumiwa kuosha mikono ya mganga na tumbo la mgonjwa. Chuma cha moto kilizuia damu, jeraha likabanwa kwa misumari myembamba na kufungwa kwa nyuzi, kisha likapakwa dawa ya mizizi. Siku kumi na moja baadaye Felkin alipoondoka, mama na mtoto walikuwa wazima. Habari hiyo aliichapisha Edinburgh mwaka wa 1884. Wazungu wenyewe walilipa tendo hili jina la Kaisari wa Roma, ilhali mamake Julius Caesar aliishi hata akamwona mwanawe akiwa mtu mzima, na katika zama hizo hapakuwa na mama aliyepasuliwa akabaki hai. Basi nani ni mgeni hapa?

Hata hivyo, nisieleweke vibaya kwamba napigia debe kisu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa 2014 ulionyesha kuwa asilimia 9 ya watoto nchini walizaliwa kwa upasuaji. Ule wa 2022 ulionyesha asilimia 17. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka wa 2015 kwamba kiwango cha jamii kikipita asilimia 10, hakuna dalili kuwa vifo vya akina mama na watoto vinapungua zaidi kwa sababu hiyo. Yaani katika nchi moja wapo wanaopasuliwa bila ya haja, na wapo wanaokufa kwa kukosa kupasuliwa. Kila kovu jipya katika mji wa mimba huongeza uwezekano wa kondo la nyuma kujishika pabaya katika mimba ijayo. Mama akiambiwa atapasuliwa ana haki ya kuuliza kwa nini, na kujibiwa kwa lugha anayoielewa. Zipo sababu zenye uzito: kondo lililoziba njia, mtoto aliyelala kingamo, pacha ambao wa kwanza wao hakutanguliza kichwa, makovu ya awali zaidi ya moja. Mtoto aliyetanguliza matako pia huweza kuwa sababu, ingawa mara nyingine daktari hujaribu kwanza kumgeuza kwa mikono kupitia tumboni. Na kovu moja tu si hukumu ya maisha. Wengi wenye kovu moja hujifungua kwa kawaida baadaye, mradi wafanye hivyo mahali penye chumba cha upasuaji.

Swali la pili la kuuliza ni kwa nini siku hiyo na si nyingine. Upasuaji wa kupanga usio na dharura kwa kawaida huwekwa katika wiki ya 39, kwa kuwa mtoto anayetolewa mapema zaidi huweza kuhangaika kupumua, mapafu yake yakiwa hayajakomaa sawasawa. Hesabu huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Wanafunzi wangu nawapa hesabu hii: wiki 39 ni siku 273; mwezi mwandamo una siku 29 na nusu; basi ni miezi mingapi? Jibu ni miezi tisa ya mwandamo na wiki moja hivi. Bibi zetu waliohesabu kwa mwezi hawakuwa wajinga hata kidogo. Tatizo ni kwamba hesabu yoyote hudai mwanzo unaojulikana, na mama anayehudhuria kliniki kwa mara ya kwanza akiwa na mimba ya miezi saba huwa amekwisha kuupoteza mwanzo huo. Picha ya tumbo inayopigwa mapema, kabla ya wiki ya 24, hukadiria umri wa mimba vizuri kuliko ile inayopigwa mwishoni.

Sasa nije kwenye damu, na hapa nawaomba walimu na wanafunzi wanisikilize kwa makini, maana linawahusu kuliko wanavyodhani. Mama anayejifungua kwa kawaida hupoteza takriban nusu lita ya damu. Anayepasuliwa huweza kupoteza maradufu. Mwenye upungufu wa damu kabla ya siku hiyo huingia chumba cha upasuaji akiwa na deni. Vidonge vya madini ya chuma vinavyotolewa kliniki bure, ambavyo nyumba nyingi huvitupa kwa kuwa vinaleta kichefuchefu na kukausha choo, ndivyo akiba yake. Chandarua nacho ni akiba, kwani malaria hula damu, na mto wetu haujawahi kukosa mbu. Kisha lazima kundi la damu lijulikane na damu ya kutosha iwekwe tayari kabla, hasa kwa wale wachache wenye damu hasi, ambao pia huhitaji sindano maalumu wakizaa mtoto mwenye damu chanya.

Damu hiyo hutoka wapi? Kwa miaka mingi nchini Kenya sehemu kubwa imetoka kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo. Anayeruhusiwa kutoa ni mtu mzima wa afya, mwenye umri wa miaka 16 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Shule zikifungwa, akiba hupungua, kwa kuwa chupa ya damu haikai zaidi ya wiki tano. Ukitafakari, utaona kwamba mama aliyepangiwa upasuaji Desemba, shule zikiwa zimefungwa na mto ukiwa umejaa, yumo katika majira mabaya ya mambo mawili kwa pamoja. Nasema hivi: familia yenye tarehe mkononi isingoje kuambiwa. Wapelekwe ndugu wawili watatu, wanaume kwa wanawake, wakatoe damu wiki chache kabla. Msemo wa kwamba damu ni nzito kuliko maji tunaupenda sana katika insha. Siku ya kutoa chupa moja, wajomba wote huwa safarini.

Jambo jingine ni saini. Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa mwenyewe haki ya kuelezwa matibabu yake na kuyakubali au kuyakataa. Mama mwenye umri wa utu uzima na akili timamu ndiye mwenye kuweka saini. Lakini ni jambo la kawaida kusikia kwamba mume hayupo, baba mkwe hajafika, na kwa hivyo wauguzi wangoje. Katika jamii ya wafugaji, ambapo mume huweza kuwa mwendo wa siku mbili na ngamia wake, kungoja huku ni hatari tupu. Mimi simwondoi mume katika shauri. Shauri la nyumba ni la nyumba. Ninachosema ni kwamba shauri lifanywe wakati wa kliniki, mume akiwepo, mama mkwe akiwepo, maswali yote yakiulizwa, kisha siku ya siku mama aitie karatasi saini yake bila ya kumtafuta mtu kichuguuni.

Kuhusu fedha nitasema machache, kwa sababu mipango ya serikali hubadilika. Ada za kujifungua katika hospitali za umma ziliondolewa kuanzia Juni 2013, ukaja mpango wa Linda Mama, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya taifa imekuwa chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Viwango vilivyotangazwa na mamlaka hiyo vinaipa hospitali shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Lakini bima ambayo mama hajajiandikisha, au ambayo michango yake haijalipwa, ni karatasi tu. Asiyefanya kazi ya mshahara hutakiwa kulipa mchango wa mwaka, na huo hauchangwi usiku mmoja. Nayo nauli ya gari, chakula cha anayemwuguza na dawa isiyopatikana dirishani, hayo hayamo katika bima ya mtu yeyote. Walimu nao wakumbuke kuwa mapatano ya 2021 baina ya tume na vyama yaliongeza likizo ya uzazi kutoka siku 90 hadi 120, na ya baba kutoka 14 hadi 21. Siku hizo 21 za baba zimewekwa ili azitumie nyumbani, si kibarazani akicheza bao.

Kuna mambo madogo ya usiku wa mwisho ambayo hakuna mtu huyaandika. Usinyoe tumbo wala chini kwa wembe nyumbani. Wembe huacha michubuko isiyoonekana ambamo vijidudu hujificha, na ikihitajika hospitali itapunguza nywele kwa mashine. Oga kwa sabuni. Hina ni pambo letu na sina ugomvi nayo, ila hina nyeusi kuchani huweza kukitatiza chombo kinachobanwa kidoleni kupima hewa katika damu, kwa hivyo acha kucha wazi. Pete na bangili zibaki kwa shangazi. Chakula kigumu kikome angalau saa sita kabla, na maji matupu saa mbili kabla, isipokuwa daktari ameagiza vingine. Amri hii watu huivunja kwa huruma: nyanya humletea mjukuu uji alfajiri, maana mtu hawezi kwenda vitani na njaa. Lakini tumbo lililojaa huweza kurudisha chakula na kukiingiza mapafuni mgonjwa akiwa katika nusukaputi. Heri njaa ya asubuhi moja.

Chumbani humo mama hukaa ameinama, akadungwa sindano mgongoni, na miguu ikafa ganzi. Mara nyingi huwa macho. Atahisi akivutwavutwa kama mtu anayetafuta kitu ndani ya gunia, ila hatahisi kisu. Mtoto hutoka katika dakika chache. Kazi ndefu ni ya kushona. Kama mtoto ni mzima, aombe awekwe kifuani mapema na anyonye katika saa ya kwanza, kwani kovu la tumbo halizuii maziwa. Baba anayetaka kumwadhinia mwanawe anaweza kufanya hivyo pale mlangoni.

Siku ya pili mpira wa mkojo huwa umetolewa na mama huamrishwa kutembea. Wageni humhurumia na kumwambia alale. Wasimdanganye: mwili wa mzazi aliyelala tuli huweza kugandisha damu miguuni, na donge hilo likipanda mapafuni huua. Atembee polepole, ameshika tumbo kwa leso. Nyumbani, asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake kwa wiki sita, na kwetu sisi kitu kizito kina jina: ni mtungi wa lita 20 wa maji. Nimewahi kuona mzazi wa siku tisa akiteka maji mtoni huku mashemeji watatu wamekaa kivulini. Jeraha likitoa usaha, homa ikipanda, damu ikizidi, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, arudi hospitalini hata kama arobaini haijatimia.

Katika masomo ya elimu ya viumbe tunawafundisha wanafunzi kuchora mji wa mimba na kuweka majina yake yote. Wengi wao hupata alama kamili. Sijaona mtihani uliowauliza jinsi mtu wa Madogo anavyovuka kwenda kuzaa mto ukiwa umefurika, ingawa baadhi ya wasichana walio darasani leo watalijibu swali hilo kwa miili yao katika miaka michache ijayo, na wavulana watalijibu kwa mifuko yao.

Limebaki moja. Mama akiruhusiwa kwenda nyumbani hupewa karatasi inayoeleza sababu ya upasuaji na namna mji wa mimba ulivyokatwa. Kovu la nje halisemi kitu kuhusu kovu la ndani; mkato wa ndani ukiwa wa kusimama, uchungu katika mimba ijayo huweza kuupasua, ukiwa wa kulala sehemu ya chini, hatari hiyo ni ndogo. Daktari wa mimba inayofuata, ambayo ni vizuri isitungwe kabla ya mwaka mmoja na nusu au miwili, ataitafuta karatasi hiyo kabla ya kitu kingine. Mafuriko yamechukua makaratasi ya watu wengi huku kwetu. Mdogo wangu ameitia yake ndani ya kopo la bati la maziwa, pamoja na kitambulisho chake na cheti cha kuzaliwa cha binti, na kopo hilo limening'inizwa kwenye boriti, juu ya alama ya tope iliyoachwa ukutani na maji ya Aprili 2024.